WITCH wa Kitwe: bendi iliyopanda na kushuka na bei ya shaba

Mzambia aliyekuwa kijana mwaka 1975, hasa wa Kitwe, Ndola au Lusaka, hahitaji kuelezwa WITCH ni nani. Ndiyo bendi iliyojaza kumbi za mjini kwake, ikasikika redioni kwake, ikamwonyesha kwamba gita la umeme linaweza kukwaruza na kupiga kelele na bado likawa la nyumbani. Herufi za jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba wenye bendi wamekusudia kuleta vurugu. Jukwaani walitimiza ahadi: onyesho lilianza saa moja jioni, na mara nyingi liliendelea hadi saa nane usiku.

Mtindo wenyewe uliitwa Zamrock, yaani roki ya Zambia. Walikuwapo Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya na The Peace, na walikuwapo waliotoa kazi kwa majina yao wenyewe kama Rikki Ililonga na Keith Mlevhu. WITCH ndio wanaohesabiwa kuwa wa kwanza kutoa albamu ya kibiashara ya roki nchini humo, na ni miongoni mwa bendi za mkondo huo zilizoacha albamu nyingi.

Makala nyingi kuhusu WITCH husimuliwa kama hadithi ya kipaji kilichosahaulika halafu kikagunduliwa na wazungu wenye kukusanya santuri. Kipaji kilikuwapo, tena kikubwa. Lakini safari ya bendi hii huwezi kuielewa usipohesabu vifaa: nyuzi, valvu za amplifaya (balbu za kioo zinazokuza sauti), tepu, plastiki ya santuri, umeme wa usiku, na zaidi ya yote fedha za kigeni za kuvinunulia. Roki ni muziki wa vitu vinavyotoka ng'ambo. Nchi ikiwa na dola, unapigwa. Dola zikikauka, unakatika hata kama mashabiki bado wamejazana mlangoni. Kwa Zambia, dola zilitoka mahali pamoja tu.

Nchi ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na shaba ndiyo iliyoleta zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje. Agosti 1969 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Katika miji ya Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Chingola, Mufulira, Luanshya na Ndola, mchimbaji alipata mshahara wa mwezi, aliishi nyumba ya mgodi, na mtaa wake ulikuwa na ukumbi wa ustawi wa jamii. Kwa mwanamuziki hali hiyo ilimaanisha watu wenye kiingilio mfukoni kila mwisho wa mwezi, ukumbi wenye umeme usiokatika, na maduka yenye bidhaa kutoka nje. Santuri za Uingereza na Marekani zilifika na wageni waliofanya kazi migodini. Usiku kulikuwa na redio ya LM iliyorusha matangazo kutoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, na iliyosikika katika eneo kubwa la kusini mwa Afrika. Vijana waliwaiga Rolling Stones, Hendrix, Deep Purple na James Brown, noti kwa noti. Emmanuel Chanda, mwimbaji wa WITCH, aliitwa Jagari kwa sababu alirukaruka jukwaani kama Mick Jagger.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja amri ya Kaunda kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Amri ilisema muziki uwe wa nani. Haikusema upigwe vipi. Bendi zilizokuwa zikiishi kwa kunakili nyimbo za watu zikalazimika kutunga, na zikatunga kwa sauti zilizoziweza tayari, yaani gita lenye mkwaruzo, kinanda na dramu nzito. Dar es Salaam mambo yalikwenda njia nyingine. Muziki wa soul ulipigwa marufuku mjini humo mwaka 1969, na bendi kubwa zikawa chini ya vyama na mashirika, mfano ukiwa NUTA Jazz iliyomilikiwa na chama cha wafanyakazi. Mwenye vyombo alikuwa shirika, na shirika lilitaka dansi la kuchezeka ukumbini. Naamini hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya roki ipate mizizi Kitwe isiipate Ilala.

Hata hivyo Dar ilikuwa na Sunburst, vijana waliochanganya roki, soul na ngoma za kienyeji. Hao walihamia Zambia, na huko wakatoa albamu yao, Ave Africa, mwaka 1976. Ilitolewa upya 2016, na kila mpenzi wa muziki wa Tanzania anapaswa kuwa nayo.

WITCH iliundwa Kitwe na wanamuziki waliotoka katika bendi za vijana zilizokuwapo kabla yake, mbili zinazotajwa zaidi zikiwa Kingston Market na Boyfriends. Kikosi kinachokumbukwa ni Jagari Chanda kwenye sauti, Chris "Kims" Mbewe kwenye solo, John "Music" Muma kwenye rithim, Gedeon "Giddy King" Mwamulenga kwenye besi, Paul "Jones" Mumba kwenye kinanda na Boidi Sinkala kwenye dramu. Ukitaka kujua kwa nini watu walivumilia saa saba za onyesho, msikilize Sinkala na Mwamulenga kwanza, acha gita. Besi haifuati gita kama katika roki nyingi za Uingereza; inatembea kivyake, inarudia kipande kifupi chenye mwendo wa ngoma, na dramu zinajaza nafasi zinazobaki. Mtu anaweza kucheza bila kujali solo inasema nini. Huo ndio msingi wa Zamrock, na ndio unaowaponyoka wengi wanaojaribu kuipiga leo: hununua pedali sahihi, halafu besi yao inasimama.

Tuje kwenye mkwaruzo wenyewe. Fazi ni kisanduku kidogo chenye transista mbili au tatu na betri ya volti 9. Kazi yake ni kuikuza sauti ya gita hadi ipite uwezo wa transista, ili kilele cha wimbi kikatwe. Wimbi lililokuwa mviringo linakuwa karibu mraba, na sikio linalisikia kama mkwaruzo mnene unaodumu muda mrefu baada ya uzi kuguswa. Visanduku vya awali vilitumia transista za jerimani (germanium), na jerimani haipendi joto. Likizidi, mkondo huvuja ndani ya transista, sauti inakuwa nyembamba, inatapika na kukatikakatika kabla noti haijaisha. Zambia joto hufikia kilele mwezi Oktoba; fikiria ukumbi wa mabati uliojaa watu mwezi huo. Za silikoni, zilizoenea mwishoni mwa miaka ya 1960, hustahimili zaidi, lakini ni kali masikioni na hudaka mawimbi ya redio kwa urahisi. Betri iliyochoka nayo hubadilisha sauti: noti huanza kwa kunywea, halafu hukatika ghafla. Mpigaji mwenye ujuzi huitumia hali hiyo kwa makusudi. Asiye na betri nyingine dukani hana la kuchagua.

Pedali ya wawa, ile inayolifanya gita lilie "wa-wa" mguu unapoikanyaga, ina ugonjwa wake. Ndani kuna kizuizi cha kuzungusha kinachogeuzwa na meno kila mguu unaposhuka na kupanda. Vumbi likiingia, kila mkanyago unatoa mchakacho. Dawa ni kuifungua, kusafisha njia ya kaboni kwa spiriti, kuikausha na kuigeuza mara nyingi. Kaboni ikiwa imekwishalika, hakuna dawa zaidi ya kubadilisha kizuizi kizima.

Amplifaya za valvu ndizo zilizokuwa gharama kubwa. Valvu za nguvu huzeeka, na zinazeeka haraka zaidi zikipigwa kwa sauti ya mwisho saa saba mfululizo. Dalili ya kwanza ni kupotea kwa uzito wa besi. Inayofuata ni sahani ya ndani ya valvu kuwaka wekundu, na hapo ukichelewa kuzima unachoma transfoma. Valvu za nguvu hubadilishwa kwa jozi zinazolingana, kwa sababu moja ikibeba mkondo mkubwa kuliko mwenzake, itakufa mapema na kumvuta mwenzake. Kwa hiyo valvu moja mbovu inahitaji mbili mpya, zote kutoka nje. Nyuzi za gita ni jambo dogo kwa kulinganisha, nazo pia hazikutengenezwa nchini. Njia ya wanamuziki wa Afrika nzima ni kuzichemsha nyuzi kuukuu: zinavuliwa, zinatokoswa dakika kumi hivi katika maji ili jasho na mafuta yatoke katikati ya msokoto, zinakaushwa kabisa, zinarudishwa. Mlio wa chuma unarudi kwa siku chache. Nguvu ya uzi hairudi, kwa hiyo ule mwembamba wa kwanza hukatika palepale mpigaji anapouvuta juu katika solo.

Albamu ya kwanza, Introduction, ilirekodiwa katika studio ya Malachite mjini Chingola na kutoka mwanzoni mwa muongo ule. Sauti yake ni ghafi. Gita linafunika mengine kila linapowashwa fazi, na mwimbaji anapopandisha sauti unamsikia akigonga ukomo wa mashine. Wanaosema huo ni uchafu wa kurekodi hawakukosea, lakini uchafu huo una sababu ya kiufundi. Studio ikiwa na njia chache za kurekodia, bendi hupiga kwa pamoja chumba kimoja, sauti ya dramu huingia katika maikrofoni ya gita na ya gita huingia katika ya dramu, na baada ya hapo fundi hawezi kushusha kimoja bila kugusa kingine. Uwiano wote unaamuliwa kabla ya tepu kuzunguka, kwa kusogeza amplifaya na kuzigeuza zitazame ukuta. Kosa la mmoja ni kosa la wote, mnarudia wimbo mzima. Ndiyo maana bendi iliyozoea kupiga usiku kucha ilifaa sana studio za aina hiyo.

Tepu ikishapatikana, kazi ilikuwa nusu tu. Miaka hiyo ya mwanzo Zambia haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na Nairobi ndiyo iliyokuwa karibu. Tepu ilisafirishwa, na huko sauti ilikatwa kwa sindano juu ya sahani laini yenye lakari, aina ya vanishi. Sahani hiyo ilipakwa chuma kwa umeme ili kupata nakala kinyume, na nakala hiyo ndiyo iliyotumika kama muhuri wa kukandamizia plastiki moto. Kila hatua ina hatari yake. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika unabeba vizuri dakika 20 hivi. Ukilazimisha 26, mifereji inabanwa, sauti inashushwa, na besi ndiyo ya kwanza kutolewa kafara kwa sababu hudai mfereji mpana. Tundu la kati likitobolewa pembeni kidogo, wimbo mzima unayumba, unapanda na kushuka noti. Plastiki ikiwa ya kurudiwa, yaani santuri mbovu zilizosagwa pamoja na lebo zake, unasikia mchakacho hata katika nakala mpya isiyowahi kuguswa. Na muhuri huchoka: nakala mia za kwanza ni safi kuliko za mwisho. Kiwanda kilipojengwa baadaye Ndola gharama ya safari ilipungua, ila malighafi iliendelea kutoka nje.

Nairobi haikuwa kwa ajili ya kuchapa tu. Musi-O-Tunya waliishi na kupiga huko kwa muda mrefu, na muziki wao una upepo wa Kenya ambao WITCH hawana.

Baada ya Introduction ikaja In the Past mwaka 1974, yenye nyimbo tamu zaidi na kinanda kilichopewa nafasi. Lazy Bones!! ya 1975 ndiyo kilele, na hapo sina mashaka. Mbewe anatumia wawa na fazi kwa pamoja lakini anajua kunyamaza. Kuna vipande virefu ambapo kinanda na besi vinabaki peke yao, na gita likirudi linarudi kama limekasirishwa. Jagari anaimba chini zaidi, karibu na kuongea. Huu ni muziki wa watu walioacha kuiga. Lukombo Vibes ya 1976 inageuka kuelekea nyumbani: lugha za nyumbani zinaongezeka, gita linachukua mwendo wa ngoma za kijijini, fazi inapungua. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yenye kibao chao kikubwa, Janet. Wapenzi wa roki nzito humaliza na Lazy Bones!!, lakini ukiuliza Wazambia wenyewe wa umri ule, wengi wataanza kukuimbia Janet.

Wakati huohuo shaba ilikuwa imeshaanguka. Mwaka 1974 bei katika soko la London ilifika juu kuliko ilivyowahi kuwa, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Mpaka na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulikuwa umefungwa tangu Januari 1973, kwa hiyo shaba na bidhaa zote zilisukumwa njia ndefu, ikiwemo ile ya lori kupitia Tunduma hadi bandari ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Mafuta nayo yalikuwa yamepanda bei. Serikali yenye dola chache huagiza dawa, mbolea na vipuri vya migodi. Valvu za amplifaya haziko katika orodha. Mchimbaji naye mshahara wake ulinunua kidogo kuliko jana, na kiingilio cha ukumbi ndicho cha kwanza kupunguzwa.

Halafu usiku wenyewe ukachukuliwa. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, na ililipa kwa damu. Oktoba 1978 ndege za Rhodesia zilipiga kambi karibu na Lusaka mchana kweupe. Kukawa na amri za kutotoka nje na kuzima taa. Bendi iliyoishi kwa onyesho la saa saba za usiku ikabaki na maonyesho ya mchana ya vijana wa shule, yenye kiingilio kidogo na bila mauzo ya bia. Hapo hesabu haijibu: mafuta ya gari, mshahara wa watu sita, ukarabati wa vyombo, vyote vinasubiri mapato ya saa tatu za alasiri. Kaseti za kunakiliwa nazo zilikula mauzo ya santuri, na disko ikaja na gharama ndogo, mtu mmoja na mashine mbili.

Jagari aliondoka kiasi cha mwaka 1977 na kuingia ualimu. WITCH waliendelea bila yeye, sasa na mpiga kinanda kijana Patrick Mwondela, wakatoa Movin' On mwaka 1980 na Kuomboka mwaka 1984. Ni disko na fanki yenye sintesaiza, iliyopigwa vizuri, japo fazi haipo tena. Baadaye UKIMWI uliwamaliza wanamuziki wengi wa kizazi hicho cha Zamrock, wakiwemo wengi wa kikosi cha WITCH. Jagari alibaki, akaenda kuchimba vito.

Miaka ya 2000 santuri zikaanza kutafutwa Ulaya na Marekani. Kampuni ya Now-Again ya California ilikusanya kazi zote za WITCH katika kasha moja mwaka 2012. Jagari alirudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani na bendi mpya yenye Mwondela kwenye kinanda pamoja na vijana wa Uholanzi, Jacco Gardner kwenye besi na Nico Mauskovic kwenye dramu. Filamu ya kumbukumbu ilitoka 2019. Juni 2023 ikatoka Zango, albamu mpya ya kwanza tangu Kuomboka, iliyorekodiwa DB Studios mjini Lusaka, na rapa Mzambia Sampa the Great akishiriki. Ninaipenda kwa sababu besi inatembea, na Jagari hajaribu kuwa kijana wa miaka 24.

Kwa anayetaka kununua: nakala za kwanza za miaka ya 1970 huuzwa kwa maelfu ya dola, na zilizo nyingi zimepigwa hadi mifereji imelika, kwa sababu zilikuwa santuri za sherehe na si za kabatini. Ukiuziwa "ya kwanza" kwa bei nafuu, igeuze mwangani na usome sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Alama zilizochorwa hapo lazima zilingane na nakala zinazojulikana, na matoleo mapya huwa na alama zake tofauti. Angalia pia jalada, maana picha iliyopigwa kutoka jalada jingine hupoteza nukta za uchapaji na kuwa na ukungu. Santuri yenye vumbi la miaka ioshwe kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kwa kitambaa kinachofuata mfereji, lebo isiguswe na maji, kisha isimame ikauke yenyewe. Kama huna mashine ya santuri, kazi zote zinapatikana mtandaoni.

Anza na Lazy Bones!!, na uisikilize kwa spika yenye besi, si kwa simu, kwa sababu nusu ya bendi iko chini ya kile ambacho spika ya simu inaweza kutoa. Kisha rudi Introduction uone walikotoka, halafu Lukombo Vibes. In the Past inafaa jioni. Movin' On na Kuomboka zisikilize za mwisho, ukishazoea sauti ya Jagari, ndipo utasikia nini kiliondoka naye na nini Mwondela alikiokoa.